Mama Aliyekataa Kuzibwa Macho

Wiki iliyopita, kwenye benchi la kliniki ya meno hapa Moshi, alikaa nasi mama mmoja wa Uru, kanga imemfunika mdomo. Saratani ilikuwa imemfanya akatwe nusu ya taya. Daktari kijana akamjia na kamera.

"Shikamoo, mama. Naomba picha kwa ajili ya utafiti wangu. Macho tutayaziba kwa mstari mweusi, watu wasikujue."

"Marahaba. Kwani saratani ilikuwa machoni?"

"Hapana, mama. Ni utaratibu, wa kukulinda."

"Kunilinda na nani?" Maneno yalimtoka taratibu, lakini yalitoka. "Kule kwetu kata ya pombe ya mbege ikizunguka wananiruka, eti nitawaambukiza. Hao ndio nataka wanijue! Waone nimekatwa na bado nipo."

Akaivua kanga, akaikunja mapajani.

Sisi wa magazeti mstari ule tunawawekea watu wenye aibu. Siku ile ungetufaa sisi tuliojisogeza mbali naye pale benchini.

Daktari akapiga, mwanga ukamulika.

"Rudia," mama akasema. "Hapo nilifumba macho."