Lumbesa Msibani kwa Asajile

Gunia la viazi liliposhushwa garini uani kwa marehemu Asajile, nililijua kabla halijatua. Mshono ulikuwa wangu. Kazi yangu sokoni Kyimo ni kushona magunia, na lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka likaota kichwa kilichofungwa kwa kamba, hakuna anayelishona kunizidi. Nilitamani ardhi inimeze.

Aliyenifundisha ni Asajile mwenyewe. Enzi za biashara yake alinunua lumbesa bila haya: mkulima analipwa gunia moja, na ndoo mbili za juu zinakwenda bure. Domo alikuwa nalo tangu hapo. Alipogombea udiwani alisimama sokoni akasema, "Nichagueni mimi, maana najua ninavyowaibia." Watu walicheka, wakampa kura.

Kumbe hakuwa anatania. Alifunga mizani mlangoni pa ghala lake, akakataa gunia lenye kichwa. Kwenye baraza la madiwani akawataja kwa majina wenzake wa chama chake waliokuwa wakinunua hivyo. Chama kikamwandikia barua mbili za onyo. Wanunuzi wakahamia masoko mengine, viazi vikaoza, na wakulima aliowatetea ndio waliomtukana. Uchaguzi uliofuata akaangushwa. Mimi nina watoto, nikarudi kushona lumbesa. Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenigombeza.

Sasa lumbesa lilikuwa mbele ya jeneza lake. Aliyelileta ni Prosper, mnunuzi mkubwa na diwani aliyemshinda. Simlaumu kwa nia, kwetu hakuna anayekwenda msibani mikono mitupu. Lakini kila mtu pale uani alikiona kile kichwa, hata waliokuwa wakilia. Macho yote yakamgeukia mjane, Mama Sekela.

"Ndaga, diwani," alimshukuru taratibu. "Leteni mizani yake."

Prosper akajaribu kutabasamu. "Mama, huu ni msiba."

"Ndiyo. Msiba wa nani?"

Mizani ikaletwa. Hakuna aliyethubutu kugusa kamba. Prosper alinitazama, na nilielewa anachosema bila kufungua mdomo, kwa sababu ndiye anayenipa kazi. Nikatoa wembe wangu, nikapiga magoti, nikakata mishono yangu mmoja mmoja. Viazi vikabingirika hadi kwenye viatu vya wazee.

Tukapima gunia halali, kilo mia. Vilivyobaki vilijaza ndoo mbili.

"Hivi ni vya nani?" Mama Sekela akauliza.

Prosper akaangalia saa yake. Mwishowe Jackson, mkulima wa Ikuti, akanyoosha mkono kule nyuma. Huyu ndiye aliyewahi kumrushia Asajile kiazi kilichooza, nilimwona kwa macho yangu.

"Ni vyangu, mama. Nilimuuzia diwani juzi."

"Uliuza vile vilivyo kwenye gunia. Hivi hukuuza. Rudi navyo nyumbani."

Jackson akazibeba ndoo zote mbili, akapita mbele ya Prosper bila kumtazama. Alipofika penye jeneza akazitua, akashindwa kuendelea. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jumatatu sikuitwa sokoni. Jumanne pia. Watoto waliponiuliza kwa nini nimekaa nyumbani, niliwaambia mama yenu ameacha kushona vichwa vya magunia, basi leo tutakula ndizi zetu za uani.