Disc drive iligoma kuonekana nikitaka kurudi Windows 7, na shemeji yangu ni "mtaalamu wa IT"

Wakuu, salamu kutoka Voi, mji ambao jua haliendi likizo.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Sijaongeza chumvi. Hata ningetaka kuongeza, shemeji yangu alishaimaliza yote.

Kwanza mnijue. Mimi na mke wangu Wakesho tuna duka la kudarizi hapa Kaloleni. Nembo za sare za shule, majina ya vikundi, leso za harusi, kazi kama hizo. Wakesho ndiye fundi. Mimi nakaa kwa kompyuta inayopeleka michoro kwa mashine, nikijifanya na mimi nachoka.

Kompyuta yenyewe ni desktop ya kitambo, Windows 7, haijawahi kuonja internet. Inafanya kazi moja tu na hailalamiki. Kusema kweli ndiyo ilikuwa mfanyakazi bora pale dukani.

Sasa akaja Mwadime.

Mwadime ni ndugu ya Wakesho, anakaa Mombasa, na ni IT. Najua ni IT kwa sababu huwezi kumpa maji ya kunywa bila kuambiwa.

Asubuhi moja tukamwachia duka, tukaenda sokoni kutafuta nyuzi. Tuliporudi tukakuta ametuandalia zawadi.

"Nimewatoa kwa Windows ya mababu," akasema. "Sasa mko Windows 10. Msinishukuru."

Tulitii. Hatukumshukuru.

Ilikuwa maridadi lakini, siwezi kudanganya. Alikuwa ameiunganisha hata na internet, na kwa kona kulikuwa na kitu cha kuonyesha hali ya hewa, maana mtu wa Voi akitoka nje hawezi kujua kuna joto mpaka aambiwe na kompyuta.

Shida ilikuwa ndogo tu: software ya mashine ya kudarizi ilikataa kufunguka. Ni ya zamani, inajua Windows 7 na haitaki kujua nyingine. Mashine ikakaa kimya kama mgeni amekuja matanga ambayo si yake.

Wakati tunagundua hayo, mtaalamu alikuwa ashapanda treni ya SGR kurudi Mombasa.

Na wiki hiyo ndiyo tulikuwa na kazi ya kwaya ya akina mama kutoka Mghange. Kanisa lao jipya lilikuwa linafunguliwa Jumapili, wamelichangia miaka na mikaka kwa kuuza kabeji na maharagwe. Walitaka skafu, kila moja na jina la mwenyewe.

Mwenyekiti wao, Mama Mkawasi, alikuwa akinipigia kila siku na ule upole unaoumiza kuliko matusi.

"Mwanangu, mimi sina haraka kabisa. Mradi Jumamosi nizipate."

Nikamwambia asijali, tuko mbioni. Mbioni kwenda wapi, hakuuliza.

Nikaamua tunarudi Windows 7. CD yake ninayo, na CD ya software ya mashine pia ninayo. Nikaweka CD kwa drive. Trei ikafunguka vizuri, ikajifunga, taa ikawaka, nikasikia CD inazunguka.

Nikaangalia kwa kompyuta. Hakuna drive. Si kwamba haisomi CD. Drive yenyewe haipo, kana kwamba haijawahi kuzaliwa.

Najua kuna mkuu hapo nyuma ameshanyoosha mkono kuniuliza mbona sikutumia flash. Teremsha mkono. Windows ningeweka na flash, sawa. Lakini software ya mashine haikubali kuingia mpaka ione CD yake original ndani ya drive. Waliotengeneza walidhani wakora watakuja kuiba michoro ya nembo za shule za msingi.

Nikampigia Mwadime.

"Shemeji, DVD drive ni technology imekufa," akanijibu. "Windows mpya haziitambui. Hamia cloud."

Cloud! Mawingu ya kudarizi skafu za Mghange.

Nikabeba CPU hadi kwa fundi mmoja mjini. Hakuifungua. Aliitazama tu vile daktari anatazama maiti, akasema, "Hii ni motherboard. Nunua nyingine." Nikamuuliza amejuaje. Akasema ni experience.

Nikairudisha nyumbani, nikaamua nitapambana nayo mwenyewe.

Nikaingia Device Manager, nika-scan hardware. Hakuna. Nikasoma mtandaoni kwamba kuna vitu kwa registry vinaitwa UpperFilters na LowerFilters, ukivifuta drive inarudi. Nikafanya backup ya registry, nikafuta, nikawasha upya huku nimeshika roho mkononi. Hakuna.

Wakesho alikuwa amekaa kwa mashine yake iliyonyamaza, ananitazama.

"Labda drive imezeeka tu," akasema.

"Ilikuwa inafanya kazi kabla ndugu yako aje."

"Kila kitu kikiharibika hapa ni Mwadime? Hata ile paa inavuja ni Mwadime?"

Ile paa nimeahidi kuiziba tangu mvua za nyuma.

Ndipo nikakumbuka kitu ambacho ningeanza nacho. Nikawasha kompyuta upya, nikaingia BIOS, ile screen inayokuja kabla Windows haijaamka. Nikatafuta orodha ya drive. Hard disk ipo. DVD drive hakuna.

Wakuu, hapo ndipo nilijiona mjinga. Kama BIOS haioni drive, Windows itaiona na macho ya nani? Siku nzima nimechokora registry na shida haikuwa kwa Windows hata kidogo.

Nikazima, nikachomoa umeme, nikafungua kasha. Vumbi nyekundu ya Voi ingetosha kufinyanga chungu. Nikapangusa, nikaangalia nyuma ya DVD drive.

Waya ya umeme ipo. Ndiyo maana trei ilikuwa inafunguka na taa kuwaka.

Waya ya data, ile nyembamba bapa ya kwenda kwa motherboard, haipo. Haijalegea, haijakatika. Haipo kabisa.

Waya haina miguu, wakuu.

Nikapiga simu, nikaweka loudspeaker, Wakesho akiwa hapo hapo.

"Shemeji, ile waya ya data ya DVD iko wapi?"

"Ah, ile nyekundu? Niko nayo. Kompyuta yangu ya game ilikuwa inaihitaji. Niliona nyinyi hamtumii DVD."

"Na juzi uliponiambia technology imekufa?"

"Si ni kweli imekufa?"

Wakesho akaninyang'anya simu na kuhamia Kidawida, lugha ya kwao. Sitatafsiri, moderator atanifungia account. Niseme tu Mwadime alikuwa amezoea kukatiza watu, na siku hiyo hakukatiza.

Waya nyingine nilipata kwa jamaa anayeuza vipuri vya kompyuta zilizokufa karibu na stage. Nikachomeka, nikaingia BIOS, na drive ikaonekana bila hata kuombwa. Motherboard ya yule fundi mwenye experience ilifufuka nayo.

Nikanakili michoro yote kwa flash kwanza, nikaweka CD iwe ya kwanza ku-boot, nikarudisha Windows 7, kisha software. Mashine ilipopiga mshono wa kwanza, Wakesho alifunga macho kidogo. Halafu akaniambia niondoke kwa mwanga.

Jumamosi Mama Mkawasi akaja. Akasoma majina moja moja kwa kidole, yote yako sawa. Kisha akatoa kwa mkoba skafu moja isiyo na jina.

"Hii ni ya Mama Saru. Ndiye alianzisha kwaya, akatuacha kabla kanisa halijapata paa. Tunataka kuiweka kwa kiti chake. Niliogopa kuwaongezea kazi."

Wakesho aliichukua, akaidarizi pale pale, na Mama Mkawasi akasimama nyuma yake akitazama herufi zikitokea. Mimi nikaondoka kwa mwanga bila kuambiwa.

Nilichojifunza: drive ikipotea, anzia BIOS. Isipoonekana huko, achana na registry, zima umeme ufungue kasha uangalie waya. Na kompyuta inayofanya kazi yake usiiguse kwa sababu tu mtu amekwambia ni ya kitambo.

Nani mwingine hapa ana IT wa familia? Wekeni visa vyenu chini tuombeane. Na kama IT mwenyewe ni wewe na unasoma hii, rudisha waya ya watu.