Hebu Nione na Jozi ya Wafalme

Mtaa mzima ulimwita Hebu Nione, na jina hilo hakulipinga. Ukimpelekea kitambaa ukasema ni mita tatu, atakwambia "hebu nione," akipime mbele yako, akigeuze, akipime tena upande wa pili. Mumewe akirudi jioni akadai ametoka kazini moja kwa moja, yeye hupitisha kiganja juu ya tandiko la baiskeli kuona kama lina joto. Hata mvua ikinyesha, hutoa mkono nje kwanza, asije akadanganywa na bati.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba cha kazi alichangia na fundi viatu, bingwa wa maneno, na fundi saa, mdogo wa mumewe, mtu mkimya kama saa anazoletewa. Dirishani mwanga tele, mlangoni wa kutosha, lakini pembeni, nyuma ya kabati, ni giza tupu. Kwa hiyo kila mwaka, Jumapili moja mchana, waligawana nafasi kwa karata, na vifungo vya shati ndivyo dau lao. Mwenye vifungo vingi aende dirishani, anayemfuata mlangoni, wa mwisho pembeni.

Hebu Nione alikuwa wa pembeni miaka nenda miaka rudi, maana kutupa karata na kujitoa hakujui. Mtu akiongeza dau, yeye huona anadanganywa, basi hulipa aone. Ila mwaka huu macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Juzi tu alishona suruali nyeusi kwa uzi mweusi, na mteja alipoivaa, mguu mmoja ukawa unatazama kushoto. Mwaka mwingine gizani, wateja watamkimbia wote.

Mchezo huisha jua likitoka dirishani. Lilipokaribia kutoka, fundi viatu akagawa karata za mzunguko wa mwisho: mbili mbili za siri, na nyingine za kufunuliwa mezani, za wote. Hebu Nione akachungulia zake. Wafalme wawili! Moyo ukamruka.

Mezani zikafunuliwa karata tatu: tisa, nne na mbili. Akaweka vifungo. Fundi viatu akajitoa huku akicheka. "Mimi na vifungo vyangu vinne tumeridhika." Fundi saa akalipa. Ikafunuliwa karata ya nne: tisa nyingine. Sasa mwenye tisa ya tatu mkononi angewapiga wafalme wawili. Hebu Nione akaweka viwili. Shemeji yake akaongeza viwili. Naye akaongeza viwili. Shemeji akakohoa kidogo, akaongeza tena.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," fundi viatu akasema.

"Nyamaza wewe! Au mmepangana?"

"Tupangane nini, mama, na mimi nimeshajitoa?"

"Ndiyo maana nauliza."

Ajabu ya mchezo wao ni kwamba huruhusiwi kusukuma rundo zima. Ni viwili viwili tu. Kila hatua huonekana ndogo, kama kuonja mboga jikoni: kijiko hiki, na hiki, mpaka sufuria inalia. Mbele yake vilibaki saba. Akilipa viwili sasa na viwili kwa karata ya mwisho, vitabaki vitatu, na fundi viatu ana vinne. Akishinda, dirisha ni lake. Akishindwa, pembeni tena. Akijitoa, atapata mlango.

"Shemeji, una tisa wewe?"

"Lipa uone, shemeji."

"Nitazame machoni."

Akamtazama. Macho makavu, hayana habari.

Amemlipia mtu huyu mara ngapi? Na kila alipoongeza mara mbili, alikuwa na karata za kushinda. Hajadanganya hata siku moja. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Mtu gani huyo asiyedanganya? Labda miaka yote hiyo alikuwa akiweka akiba ya ukweli, ili leo anunue dirisha kwa uongo mmoja.

Akashika vifungo viwili. Akavirudisha. Akavishika tena.

"Jua hilo linaondoka, mama," fundi viatu akahimiza.

Wafalme ni wazuri, akawaza, lakini uzuri wao ulikuwa kabla ya tisa ya pili. Na ada ya kumjua huyu bwana nimeshailipa. Akazifunika karata zake, akazisukuma taratibu kama anayemsukuma mtoto kwenda shule.

"Chukua."

Fundi viatu akahesabu, akahesabu tena, akashika kichwa. "Ngojeni! Yaani wa pembeni ndiye mimi?"

"Si umeridhika?"

Hebu Nione akanyoosha mkono kwenye karata za shemeji yake, lakini zilikuwa zimeshachanganywa na nyingine.

"Hukulipa, shemeji."

Jumatatu, mlangoni, uzi uliingia tundu la sindano mara ya kwanza. Wateja wawili walikuwa wamesimama wanasubiri. Furaha ilikuwepo, ila ilikuwa na mwiba. Dirishani shemeji yake alikuwa ameinamia saa.

"Kweli ulikuwa na tisa?"

"Nilikuwa nayo."

"Tisa ya nini?"

"Ya kopa."

Hebu Nione akasimamisha mguu juu ya kikanyagio. Zile tisa mbili za mezani, je, mojawapo haikuwa hiyo hiyo ya kopa? Alijaribu kukumbuka, akashindwa. Muda wote ule hakuzitazama karata. Alikuwa akiutazama uso wa shemeji yake.