Siku Mama Alipoyapa Malori Mgongo

Mchanga ukimwagiwa maji hutoa harufu. Si ile harufu ya udongo ambayo kila mtu huisifu mvua zinapoanza. Hii ni ya baridi zaidi, kama ya ndani ya mtungi uliokaa kivulini siku nzima. Wengi hawaijui kwa sababu hawajawahi kuinamia shimo mtoni wakisubiri maji yajikusanye. Mimi naijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu.

Ilinifikia hapa Maskati, huku Mabela, mtaa ambao nyumba mpya haziishi kujengwa. Lori lilikuwa limemwaga mchanga kwenye kiwanja cha jirani, na fundi mmoja akawa anaurushia maji kwa mpira ili upepo usiuchukue. Harufu ikaingia kwa dirisha la jikoni. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa, nikasimama palepale hata kahawa ikaanza kupoa.

"Mwende, we mwana, umeganda?" Bi Zuwena akaniita kutoka sebuleni. Ni mama mzazi wa mwenye nyumba ninamofanya kazi. Alitoka Unguja akiwa msichana, na Kiswahili chake kimebaki cha hukohuko. "Nna kiu mie."

Nikampelekea kahawa yake, nikamwambia nimenusa kwetu. Akacheka: tangu lini mchanga ukawa na harufu? Nikaketi kwenye zulia nikamweleza mto wetu, jinsi ulivyokuwa mkavu juu karibu mwaka mzima huku maji yakiwa yamejificha chini, na jinsi tulivyoyafukua kwa mikono na kuyachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka mtungi ujae. Akanitazama kwa huruma.

"Masikini! Kumbe mmekulia kwenye dhiki."

"Hapana, Bi," nikamjibu, na najua sauti yangu ilipanda kuliko inavyofaa kupanda mbele ya mtu mzima. "Tulikulia kwenye mto."

Akanywa funda moja. "Haya, nambie basi."

Nikamwambia nusu. Nyinyi nitawaambia yote, pamoja na sehemu inayonitia aibu.

Kwetu ni Ukambani, nchini Kenya, katika mojawapo ya zile kaunti ambazo huandikwa magazetini kwa hesabu: watu ni wangapi, wenye vyoo ni wangapi, wanaolala njaa ni wangapi. Sina ugomvi na hesabu. Nina ugomvi na wale wanaozisoma kisha wakadhani wametuona. Wangetuona, wangejua kwamba kijijini kwetu wanaume walikuwa kama wageni wa Krismasi. Walifika Desemba na mkate na nguo mpya, wakacheka kwa sauti kubwa wiki mbili, na kufikia katikati ya Januari kijiji kilikuwa kimerudi kwa wenyewe: akina mama, watoto, wazee na punda. Baba yangu alikuwa kibarua wa ujenzi Nairobi. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa koti lililonuka saruji.

Halafu, nikiwa darasa la tano, malori yakaja. Nairobi ilikuwa inajengwa na ilitaka mchanga, na mchanga mzuri ulikuwa mtoni kwetu. Mara wanaume wakaanza kurudi. Baba naye alirudi, akapata kazi ya kupakia kwa beleshi. Jamani, nitawaelezaje? Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na baba siku ya Jumatano. Alinifundisha kunyoa penseli kwa kisu bila kuivunja. Alipanda juu ya nyumba akatoa nyasi akaweka mabati, na mimi nikawa nampa misumari. Akaninunulia viatu vyeusi vya shule, vya kwanza ambavyo havikuwa vimevaliwa na mtu mwingine, navyo vililia kwa kila hatua, nami nikazidisha hatua ili vilie zaidi.

Kwa hiyo naomba mnielewe. Mimi nilikuwa upande wa malori.

Mama hakuwa upande wao hata siku moja, ingawa mwanzoni hakusema. Alikuwa mtu wa kusema kwa mikono. Popote alipoketi alikuwa anasuka kiondo, nyuzi za katani zikizunguka vidoleni bila yeye kuzitazama, na ukitaka kujua kama amekasirika ulisikiliza jinsi anavyozivuta. Mwezi hata mwezi, zile nyuzi zilivutwa kwa nguvu zaidi. Mashimo yetu ya maji yalikuwa ya kimo cha goti. Yakawa ya kimo cha kifua. Palipotolewa mchanga mwingi ulitokea mwamba, mweupe na mkavu kama mfupa. Susu Kalunde, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akisema, "Maji hulala chini ya blanketi la mchanga. Ukimfunua aliyelala, huamka akaenda zake." Tulicheka. Lakini yalikuwa yakienda kweli. Mama alianza kushuka mto mwendo wa saa nzima kutafuta mahali penye blanketi, na aliporudi jua lilikuwa utosini.

Kisha ikasikika habari kwamba msimamizi wa malori, mtu mmoja wa mjini tuliyemwita Bwana Miwani kwa sababu hakuvua miwani yake myeusi hata kivulini, alikuwa analeta tingatinga. Lini, hakuna aliyejua. Angalau mimi nilidhani hakuna aliyejua.

Alhamisi moja Mama aliniamsha kulipopambazuka, akaniambia nimfuate mtoni na uji kabla ya kwenda shule. Baba alikuwa ameshatoka. Nilipofika kwenye mteremko ambao malori yalikuwa yameuchonga ukingoni, njia pekee ya kushukia mtoni, niliwakuta akina mama zaidi ya thelathini wameketi chini wameujaza wote. Kila mmoja alikuwa na kiondo chake mkononi. Susu Kalunde alikuwa ameletwa na kigoda. Na wote walikuwa wameelekea mtoni, migongo yao kwenye barabara ambayo malori yangetokea.

"Kwa nini mmekaa hivyo?" niliuliza.

"Ukiwatazama utaogopa," Mama akasema. "Keti. Tazama mto."

Niliketi kwa utii. Ushujaa sikuwa nao hata chembe. Nilikuwa na sare ya shule, viatu vyangu, na hamu kubwa ya kuwa mahali pengine.

Malori tuliyasikia kabla hayajafika. Lori la kwanza lilikuwa na wapakiaji juu, na sikuhitaji kugeuka kujua Baba yumo, nilikisikia kikohozi chake. Nyuma yake lilikuja lori refu limebeba tingatinga, zito hata ardhi ikatetema makalioni petu. Mlango ukafunguliwa. Viatu vikakanyaga kokoto.

"Akina mama, habari za asubuhi," Bwana Miwani alisema kwa upole.

"Nzuri," Susu Kalunde akamjibu, akiuambia mto.

"Tuna kazi hapa."

"Hata sisi," Mama akasema, akainua kiondo chake juu ya bega ili kionekane.

Akabembeleza, akaahidi, akatisha. Mwisho akampigia dereva mluzi. Injini ikanguruma, na lori likaanza kusogea, polepole, mpaka nikahisi joto lake shingoni na harufu ya dizeli ikameza harufu ya uji. Nilijikojolea kidogo. Nawaambia kwa sababu nimeahidi kuwaambia yote. Mama vidole vyake havikusimama. Miaka mingi baadaye nilikiona kile kiondo kimetundikwa jikoni, na ukikigeuza unaona mistari miwili mitatu imesukwa kombo kabisa, kama kazi ya mtoto. Ndiyo ya dakika ile.

Lori likasimama. Nadhani dereva naye alikuwa na mama.

"Mume wa huyu ni nani?" Bwana Miwani akauliza. "Ashuke amtoe mkewe."

Baba akashuka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile, si kabla ya siku ile wala baada yake.

"Mama Mwende! Inuka! Unanivunjia heshima mbele ya watu! Huyu mtoto anasoma kwa mchanga huu!"

"Muulize huyo mtoto kila asubuhi hubeba nini kwenda shule," Mama akasema, bila kugeuka.

Wote walijua. Sote tuliosoma shule ile tulibeba mtungi mdogo wa maji, kwa sababu shule haikuwa na tone. Juu ya lori kuna mtu aliyetaka kucheka akajifanya anapiga chafya. Baba akatema mate chini, akasema mwanamke huyu hasikii la mtu, akapanda lori tena. Mimi nikasimama. Nilitaka kumkimbilia, nipande naye juu kule, niwaache hawa wanawake na ukaidi wao. Mama akanishika pindo la sketi, akanivuta chini. Ndipo nikamchukia. Nilimchukia kwa moyo wangu wote wa miaka kumi na mmoja.

Waliketi siku tatu, kwa zamu, na njia haikubaki wazi hata wakati wa kula. Siku ya tatu chifu alikuja na askari wawili. Akapita kati ya akina mama akiwasihi, mpaka akafika safu ya pili, akamkuta mama yake mzazi akisuka. Yule bibi hakumsalimu. Chifu akakuna kichwa, akatangaza kwamba mchanga hautoki mpaka pafanyike baraza. Baraza halikufika; malori yaliondoka kabla, yakahamia mto mwingine mbali na kwetu. Sitawadanganya kwamba tuliwashinda kabisa. Kuna watu wengine walioachiwa mwamba, nao hawakuwa na kosa. Siku hizi kaunti ina sheria yake ya mchanga, yenye ofisi na mihuri. Vizuri. Lakini waliovaa suti waliiandika tu. Walioiketia kwanza ni mama zetu.

Jumatatu iliyofuata Baba alifunga mzigo wake akarudi Nairobi. Nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka kona ikammeza. Nilijua ni nani aliyemfukuza. Wiki nyingi sikusema na Mama ila kwa "ndiyo" na "hapana". Aliponituma nilikwenda, alipotania sikucheka. Mabati yalipopiga kelele usiku kwa mvua nililala nikiwaza kwamba mama yangu amechagua shimo la maji badala ya mume. Yeye hakujitetea. Aliniwekea chakula, akanisuka nywele, akavuta nyuzi zake.

Niliishi na jambo hilo nikakua nalo, nikaja nalo mpaka huku Uarabuni. Nilipopewa likizo yangu ya kwanza nilirudi nyumbani nikamkuta Baba ameshazeeka, amerudi moja kwa moja, mapafu yake yamejaa saruji ya miji ya watu. Tulikuwa tumeketi uani jioni, yeye akimenya mbaazi. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia kwamba sikuwahi kumsamehe Mama kwa siku ile.

Akaacha kumenya. "Siku gani? Ya tingatinga?" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Mwanangu, unadhani ni nani aliyemwambia mama yako kwamba linakuja Alhamisi?"

Nikamkodolea macho. Akaniambia kwamba yeye na wenzake walisikia msimamizi akipanga. Tingatinga lingemaliza mto kwa muda wa mwezi, na wao wa beleshi lingewamaliza siku ileile. Ila Bwana Miwani alikuwa na vijana wake wa kupiga watu, na kama angejua habari zimetoka kwa nani, mtu huyo asingelala kwake. Ndiyo maana alifoka.

"Baba yako alifoka vizuri mno," Mama akasema kutoka jikoni, ambako nilidhani hasikii. "Hata mimi niliogopa."

Na zaidi ya hapo: msimamizi alikuwa amemwita Baba awafuate huko malori yalikohamia, kazi ileile, malipo yaleyale. Baba alikataa. Alisema hawezi kwenda kufunua mto wa watoto wa wenzake. Akarudi kwenye zege.

Nilikaa pale uani nikihesabu upya utoto wangu wote. Nilikuwa nimeamini kwamba siku ile wazazi wangu walikuwa pande mbili, na mimi katikati nikavutwa pindo. Kumbe walikuwa wamepatana usiku uliotangulia, wakijua kabisa gharama: kwamba wakifaulu, Baba ataondoka tena, na mtoto wao atalia asijue sababu. Walikubali. Hao ndio watu wanaoandikwa kwenye hesabu kuwa hawana kitu.

Niliinuka nikaenda jikoni. Mama alikuwa amechutama mbele ya moto, akikoroga, hakunigeukia.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. "Miaka yote hiyo nilikuchukia."

"Ulikuwa na miaka kumi na mmoja na mdomo kama debe tupu," akasema. "Ungesema shuleni kabla ya kengele."

"Lakini baadaye? Hukuumia?"

Akaonja mchuzi kwenye kiganja, akaongeza chumvi.

"Ulinichukia," akasema, "lakini maji ulikuwa unakunywa."