Tembo Lisiloonjwa

Yule rafiki yangu wa vibuyu, ambaye wasomaji wa safu hii mmenisikia nikimtania mara nyingi, amefariki dunia. Habari ilinifikia ofisini kupitia utingo wa basi la Msambweni, ambaye hakuketi hata nilipomkaribisha. "Yule fundi wako wa cherehani hayuko tena," alisema. "Ni tumbo. Na watu wanasema maneno." Nilijua ni maneno gani kabla hajatoka mlangoni, na tangu siku hiyo sina raha.

Alikuwa mtu wa bara aliyeletwa pwani na kazi ya kutengeneza cherehani, akizunguka kwa baiskeli kutoka Matuga hadi Lunga Lunga. Hakuwa mlevi. Alichopenda ni kugundua. Kila kijiji alichofika alimtafuta mgema, akaomba kata moja ya tembo la mnazi, akanywa huku amefumba macho. Aliniambia, kwa uhakika wa mtu aliyeanza kunywa juzi, kwamba tembo la Matuga lina utamu wa muwa, na la Bodo, kwa kuwa minazi yake iko karibu na mikoko, lina chumvi kwa mbali. Siku moja wenzetu walimfunga macho kwa leso wakamnywesha, naye akaisifu sana ile chumvi ya Bodo. Tembo lenyewe lilikuwa limegemwa kwenye mnazi ulio nyuma ya ofisi yetu hapa Kwale. Alicheka kuliko sisi sote, kisha akaomba kata ya pili. Mimi, ambaye dini yangu imeniachia dafu tu, niliipenda furaha yake, nami nitaikosa.

Adabu zetu alizishika vizuri. Shikamoo haikukauka mdomoni mwake. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakujifunza kamwe. Kwetu mgema akishachota tembo huonja yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo amkabidhi kata. Rafiki yangu alipenda lile povu la mwanzo, akidai ladha yote imo humo, basi alikuwa akiitwaa kata mkononi mwa mwenyeji kabla haijafika mdomoni. Wengi walicheka. Mzee mmoja wa Matuga hakucheka. "Bwana, niachie nionje kwanza," alisema. Rafiki yangu akamjibu, "Mzee, mimi nakuamini." Mzee akajibu, "Najua waniamini. Lakini mimi sionji kwa ajili yako. Naonja kwa ajili yangu." Njiani nilijaribu kumfafanulia maneno yale, akaniambia kwamba kumwonjesha mtu tembo lake mwenyewe ni kumtukana. Aliamini hivyo kwa moyo safi kabisa.

Safari yake ya mwisho tulikwenda pamoja Bodo. Mara mbili alishuka kwenye baiskeli akajishika tumbo, akasema ni mihogo ya jana. Mgema wa pale ni mtu mpole mwenye watoto wadogo, anayeishi kwa kugema minazi ya watu. Alinikatia dafu, kisha akachota tembo. "Ngoja nionje, bwana," alisema, lakini mkono wa mgeni ulikuwa umeshafika. Fundi akanywa, akafumba macho, akasema hajapata kukutana na tembo zuri kama lile. Mgema hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, na nikaona hofu usoni mwake. Siku chache baadaye fundi akafa.

Baada ya maziko nilirudi Bodo. Nyumba ya mgema ilikuwa imefungwa mchana kweupe. Hakuna anunuaye tembo lake, na mkewe akifika kisimani wenzake hujitwika ndoo zao wakaondoka. Vibuyu vilikuwa bado vinaning'inia minazini, vimejaa hadi vinafurika, na nyuki wamevizingira. Daktari alisema ni ugonjwa wa utumbo, wala si sumu, ila daktari hakuwapo kata ilipotolewa. Wazee wamempa mgema hadi Ijumaa ale kiraho, yaani papai lililosomewa kiapo, ambalo husemwa kwamba humvimbisha mdomo mwenye hatia. Nami nauliza, mtu aliyekaa siku zote hizi bila usingizi wala chakula, mdomo wake utakuwaje?

Siku hizi tunajiona tumeendelea, na desturi kama ile tunaiita ushamba na kutoaminiana. Tunasahau ilimlinda nani. Mgeni ana ndugu, ana daktari, na jambo lake likizidi ana Bwana Shauri wa serikali. Mgema ana lile funda moja tu.

Wazee waliniita nitoe ushahidi. Nilieleza habari za mihogo, za tumbo, na za dafu lililokatwa kwa panga lilelile analogemea nami nikalinywa. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha mkubwa wao akaniuliza, "Mwanangu, wewe ulikuwapo. Alionja?"

"Hakuonja," nikasema, "kwa sababu hakupewa nafasi."

Lakini neno la kwanza lilikuwa limewatosha, na walikwisha kuanza kuinuka. Basi nawaomba, wasomaji wangu, mwenyeji akitaka kuonja kwanza, mwacheni aonje, maana ninyi mtaondoka na yeye ndiye atakayebaki kijijini.