Shujaa wa Kilomita Kumi na Moja

Annick Trévidic alikuwa na miaka sitini na nne, ila kwa mama yake, Philomène, alikuwa bado mtoto. Na mtoto alikuwa ametumwa: amtafute babu.

Babu ni Hervé Quillivic, aliyemzaa baba yake Philomène, askari wa Ufaransa aliyepelekwa kupigana Bukini, yaani Madagaska, mwaka 1895. Nyumbani ilisemwa alifia huko, bendera mkononi. Philomène, mwenye miaka tisini na miwili, alitaka jina la babu lichongwe kwenye mnara wa mashujaa pale kijijini kabla la kwake halijachongwa makaburini. Meya hakukataa. Alitaka karatasi ya ushahidi tu.

Miaka miwili Annick alitafuta, akaambulia patupu. Jirani yao, Jos Bothorel, kila akipita na mbwa wake huchungulia dirishani.

"Shujaa wenu bado?"

"Bado."

"Mtafuteni baa, dada. Wanaume wa kwenu hawafi mbali na chupa."

Kosa lenyewe ni la kijinga, na wengi wanaotafuta wazee wao huku Ufaransa wamelifanya. Daftari za jeshi hupangwa kwa mwaka ambao kijana alitimiza miaka ishirini. Annick alikuwa amekazana na mwaka ambao Hervé alizaliwa. Alipomaliza akaanza upya, kwa uangalifu zaidi. Miaka miwili anakagua wanaume wa rika la baba yake Hervé.

Asubuhi moja ya Oktoba, kompyuta ikiwa juu ya meza ya jikoni, ndipo akili ikamrudia. Akasogea mbele miaka ishirini. Huyu hapa. Urefu, mita moja na sentimita hamsini na saba. Mwoka mikate wa kikosi. Amerudishwa nyumbani kwa homa, 1896.

Amerudishwa?

Akashuka chini ya ukurasa. Zamani askari aliyeachiwa na jeshi ilimlazimu kuripoti kwa polisi kila alipohama, na karani aliandika. 1897: Plouvenan, kwa mwenye baa. 1903: hapo hapo. 1917: hapo hapo.

Plouvenan ni kilomita kumi na moja tu kutoka kwao. Annick akafunga kompyuta taratibu.

"Umenyamaza," mama yake akasema, akichovya mkate kwenye kahawa. "Wewe ukinyamaza ujue umevunja kitu."

"Nimevunja mnara, mama."

Akamweleza yote, macho mezani. Philomène akamaliza mkate wake kwanza.

"Plouvenan," akasema. "Nilipokuwa mdogo, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi bibi, mkewe Hervé, alivaa kofia yake ya lesi, akaoka keki ya siagi, akaenda gulioni Plouvenan. Hakurudi na hata yai moja. Alirudi na mashavu mekundu."

"Sasa kwa nini babu hakurudi kwake?"

"Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake. Baba alisema yule kizee alimfukuza hata padri. Homa ya Bukini ilishindwa kummaliza Hervé, lakini huyo angemmaliza." Akaanza kucheka, mabega yakamtetemeka. "Ati bendera mkononi. Labda taulo la kufutia glasi."

"Na jina lake kwenye mnara?"

"Waachie waliokufa vitani."

Annick akapiga simu ofisi ya kijiji cha Plouvenan. Karani akarudi kwenye simu baada ya dakika kumi: yupo makaburini, safu ya nne, ukutani, amelala na ukoo wa mwenye baa.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ilipofika, siku ya kupeleka maua makaburini, gari la Annick likagoma. Ikabidi waombe la Jos. Walipoegesha tu, akawageukia.

"Mimi si nilisema baa?"

"Shika maua, Jos," Philomène akamwambia.

Philomène akayaweka mwenyewe kaburini, akapangusa jina kwa kitambaa, akalisoma kwa sauti. Kisha akafungua mkoba, akatoa keki ya siagi iliyofungwa kwenye taulo. Wakaila pale pale wamesimama. Jos naye akakatiwa kipande, kidogo kuliko vyote.