Kumuuliza Gidioni Kuhusu Helikopta

Mlio ulitangulia. Mama alikuwa akichambua mboga nyumbani kwetu Tunduma. Kitu kikanguruma juu ya mawingu, na kabla hatujakiona alishasimama uani, kisu mkononi, akiitukana ndege. Tangu kaka yangu Elia auawe Kongo, akiwa mwanajeshi wa kulinda amani, Mama alikuwa na swali moja: kwa nini ndege hazikuja kumwokoa?

"Nenda kijijini Ruanda, kule mbele ya Mlowo," aliniambia. "Kamuulize Gidioni. Alikuwa naye kule Kongo."

Asubuhi nilipita kando ya foleni ya malori, nikapanda basi hadi Mlowo, kisha bodaboda. Kahawa ilikuwa imechanua vilima vizima, nyeupe, ikinukia. Niliichukia kwa uzuri wake.

Ruanda, mama yake Gidioni hakuniruhusu kuuliza lolote kabla ya ugali. "Kula kwanza. Nyie wa mpakani mmezoea chipsi, mnakauka kama kuni."

Gidioni akatoka chumbani kwa magongo. Sikujua kwamba alipoteza mguu.

"Helikopta ilikuja, dada," alisema.

Nikarudisha tonge sahanini.

Elia ndiye aliyeshika redio. Kazi yake ilikuwa kumwelekeza rubani: sisi tuko hapa, adui yuko pale. Lakini waasi walikuwa wamesogea mno. Rubani akasema, rudini nyuma, nipate nafasi ya kupiga. Wenzao wakarudi nyuma.

"Na nyinyi?"

"Mimi nilishapigwa mguu. Nikamwambia, niache. Akanijibu kwa utani wake wa makabila, 'Nyamaza, Mnyiha we, mzito kama gunia la kahawa.' Akanibeba. Tukawa wa mwisho. Rubani alituona, dada. Akazunguka, akazunguka, hakuthubutu kupiga. Mafuta yakapungua, akaondoka. Elia alipigwa nikiwa mabegani mwake. Wenzetu walitufuata tena, wakanivuta mimi."

Mama yake Gidioni alianza kukusanya vyombo, hakuniangalia.

Jioni, barabara nzima ya kurudi, nilitafuta wa kumlaumu. Nilichojifunza ni hiki tu: ndege huhitaji nafasi kati ya mtu na adui yake, na muda wa kuipata nafasi hiyo Elia aliutumia kumbeba mwenzake.

Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo wale wa ndege walimwona."

"Walimwona, Mama."

"Bora wasingekuja kabisa."

Akajifunga kitenge, akatoka bila kusema anakwenda wapi, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, kama mtu aliyeacha mtoto amelala ndani.